Supavaiza anakusumbua kingono kazini Marekani? Hatua za kuibana kampuni

Nimewasaidia watu kadhaa kwenye hili, na karibu wote hukwama hatua ya 3. Chini ya Title VII, sheria ya Marekani ya 1964 inayokataza ubaguzi kazini, unayemdai ni kampuni siyo bosi binafsi, na iwe na wafanyakazi 15 au zaidi. Huna makaratasi ya uhamiaji? Sheria inakulinda vilevile.

1. Hakikisha ni supavaiza kweli. Tangu kesi ya Vance ya 2013 katika Mahakama ya Juu ya Marekani, ni yule aliyepewa nguvu ya kukufukuza, kukushusha cheo au kukunyima promosheni. Anayekugawia kazi tu huhesabiwa mwenzako, hapo uonyeshe kampuni ilijua, au ilipaswa kujua, ikakaa kimya.

2. Ulimkatalia akakufukuza au kukushusha? Kampuni inabeba lawama moja kwa moja, haina pa kujitetea.

3. Kama bado uko kazini na ni maneno na kushikwashikwa tu, LALAMIKA KWA MAANDISHI. Kesi mbili za 1998, Faragher na Ellerth, ziliipa kampuni mlango wa kutokea: ikithibitisha kwamba ilikuwa na utaratibu mzuri wa kuzuia na kurekebisha, na wewe hukuutumia bila sababu ya maana, inachomoka. Sasa tafuta ule mwongozo wa wafanyakazi uliosaini siku ya kwanza bila kusoma (nani husoma?), uone malalamiko yanapelekwa kwa nani, na kama anayetajwa ni huyohuyo bosi mruke nenda HR. Kumnong'oneza mwenzako chumba cha chai hakusaidii kitu. Mimi napenda imeili kuliko fomu za kwenye mfumo wa kampuni, maana ukifukuzwa unafungiwa nje, kwa hiyo jitumie kopi kwenye imeili yako binafsi. Andika kavu: "Jumanne saa nne asubuhi, stoo, fulani alinishika kiuno, nikamwambia aache, fulani aliona." Usiandike "hana heshima", haisemi kitu. Kurekodi kimyakimya usikurupuke, majimbo mengine ni kosa la jinai. Na wakikulipizia kwa kulalamika, hilo ni dai jingine kabisa.

4. Fungua malalamiko EEOC, tume ya serikali kuu inayosimamia sheria hii, ndani ya siku 180 tangu tukio, au 300 kama jimbo lina chombo chake cha kusimamia sheria kama hiyo. HR wakikuambia "tunachunguza, subiri", wewe usisubiri, uchunguzi wao hausimamishi saa. Ukishapewa barua ya ruhusa ya kushtaki una siku 90 kufika mahakamani, mtafute wakili kabla haijafika.