Kabla ya kubisha hodi kwa Sultani wa Kilindini

Mtu akiniambia kwamba wiki ijayo, katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, anawateremsha wachezaji wake kwa mfalme wa chini ya bahari, mimi humwuliza jambo moja kabla ya yote: mke wa mfalme anataka nini? Mara nyingi nakuta ameshachora kasri, ameshapanga walinzi, anajua papa wangapi wako langoni na mkondo unapita wapi. Mfalme ana ndevu, taji na sauti nzito. Mkewe amepewa kiti cha pembeni na nywele ndefu, basi. Hapo ndipo kikao kinapoharibika, na nasema hivyo kwa kuwa changu kiliharibika papo hapo.

Tulikuwa watu sita barazani kwenye nyumba moja ya Mji wa Kale wa Mombasa, baada ya Isha, tukirushia dadu ndani ya sinia ili zisiporomoke ngazini. Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, ule wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka mara ya kwanza mwaka 1974: mmoja husimulia, kama mimi, wengine kila mtu huigiza mhusika wake, na dadu huamua kama amefaulu. Sisi twatumia kanuni za toleo la tano, za 2014, lakini ulimwengu tumeutunga wenyewe. Nilikuwa nimewaandalia Sultani wa Kilindini, na jina hilo nililipenda sana, maana kilindi ni maji marefu, na Kilindini ni maji tunayoyavuka kila tukienda Likoni. Wachezaji wakaingia kasrini, wakasalimu, wakaeleza shida yao. Sultani akakataa. Ndipo binti mmoja, aliyekuwa akicheza mhusika mpiga mbizi, akaweka kikombe cha kahawa chini akaniuliza, "Kaka, na Malkia yuasemaje?"

Sikuwa na jibu. Nikasema Malkia ameafikiana na mumewe. Nikaona uso wake ukifunga, kama mtu aliyegonga mlango akakuta nyuma yake pana ukuta. Tangu siku ile sifungui kikao cha bahari kabla sijayamaliza haya ninayoyaandika hapa.

Anza na ndoa. Jiulize kila mmoja ameshika nini ambacho mwenzake hana. Kama Sultani ameshika jeshi, hazina, mikondo na hukumu, mke amebakiwa na nini? Ukiona hana kitu, rudi kwenye daftari, bado hujamaliza. Mimi mwishowe nilimpa Malkia pumzi. Mgeni yeyote anayeshuka kwenye kasri letu hukutana kwanza na wajakazi wa Malkia, nao humfunga shingoni uzi wenye ushanga mmoja mweupe. Akiwa nao anapumua kama yuko barazani kwake. Ukikatwa, anazama. Sultani anaweza kupaza sauti mpaka matumbawe yakapasuka, lakini mgeni hafi kwa neno lake, kwa sababu ushanga hautoki ila kwa mkono wa Malkia. Kwa jambo hilo moja tu chumba cha enzi kilibadilika. Wachezaji waliacha kumtazama mtu mmoja, wakawa wanatazama wawili, na zaidi wakatazama jinsi wale wawili wanavyotazamana.

Ujue pia walivyooana. Hili si pambo. Wayunani wa kale, ambao mfalme wao wa bahari bado anaonekana usoni mwa wafalme wengi wa michezo ya namna hii, walilihifadhi vizuri. Poseidon alimwona Amphitrite akicheza ngoma na nduguze katika kisiwa cha Naxos, akamtaka. Amphitrite akakimbia, akajificha kwa Atlas, lile jitu libebalo mbingu. Mwenye nguvu za kutikisa ardhi ikabidi atume pomboo aende kumbembeleza kwa maneno, na pomboo alipofaulu akalipwa kwa kuwekwa mbinguni awe kundi la nyota. Yaani mfalme wa bahari alipata mke kwa mshenga! Kwa msikilizaji wa pwani hiyo ni hadithi asiyohitaji kuelezwa mara mbili. Na shujaa Theseus, alipojitosa baharini kwa kuchokozwa na Minos, mfalme wa Krete, aliyempokea kasrini na kumvisha joho la zambarau na taji la maua ni Amphitrite. Mwenye kumpokea mgeni alikuwa yeye. Hapa kwetu nako, masimulizi ya wazee yanamtaja Mwana Mkisi kuwa malkia aliyeushika mji huu kabla ya nasaba ya Shehe Mvita. Sioni basi kwa nini malkia wa mezani kwetu akae kama mtungi wa maua.

Sasa, atasemaje? Nakuomba ukae sana hapa, kwa sababu ndipo kikao cha kwetu kinapotofautiana na cha watu wa mbali. Mke mwenye heshima zake hambishii mumewe mbele ya wageni. Lakini asiyebisha kwa mdomo ana njia nyingine, na kila aliyelelewa Mombasa anaijua: anavaa leso. Nilikwenda Biashara Street nikapita duka hadi duka nikisoma majina ya leso, si kununua zote, ila kusikia jinsi yanavyosema. Nikachagua matatu. Wageni wanapoingia Malkia amejitanda leso yenye jina "Wema hauozi". Sultani akianza kuwatukana, anaondoka kidogo, na akirudi amebadilisha, jina ni "Hasidi hana sababu". Ya tatu siitaji hapa, wachezaji wangu wasije wakaisoma kabla hawajaiona.

Kama unaweza, lete leso halisi mezani. Ikunjue taratibu mpaka pindo lote lionekane, kisha mji, kisha jina, na usilisome wewe. Kikao cha pili nilipoikunjua, yule binti ndiye aliyeinama akasoma, akamgusa mwenzake goti, na kwa dakika nzima hakuna aliyezungumza na Sultani. Walikuwa wakinong'onezana nani kati yao anaambiwa.

Andaa na adabu za kuingilia. Wachezaji wako wakifika bila hodi, nini kinatokea? Nani anajibu "karibu", na asipojibu mtu inamaanisha nini? Sultani wetu huitwa Maulana, na Malkia huitwa Mwana, kama mabibi wakubwa wa zamani wa pwani. Mhusika anayesema "we Malkia" hafukuzwi, ila wajakazi wanaacha kumletea chakula. Mambo madogo kama hayo waandikie wachezaji mapema, au yaweke kinywani mwa mzee mmoja mvuvi watakayekutana naye juu kabla hawajateremka, asije mtu akaadhibiwa kwa desturi ambayo hakuambiwa.

Kuhusu maji yenyewe, kanuni zimeshakufanyia kazi kubwa, zisome tu usiku mmoja kabla. Mtu anaweza kubana pumzi dakika 1, kuongeza na kile anachopata kwa Constitution yake, yaani alama ya uimara wa mwili wa mhusika, na hata aliye dhaifu hapungui sekunde 30. Pumzi ikimwishia ana mizunguko michache tu ya zamu kabla ya kuanguka. Andika idadi hizo kwenye karatasi yako kwa kila mhusika, maana ushanga ukikatika hutakuwa na muda wa kupekua. Katika mapigano, asiye na mwendo wa asili wa kuogelea anayepiga kwa silaha ya mkononi hurusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo, isipokuwa akiwa na jambia, upanga mfupi, mkuki, mkuki mwepesi wa kurusha au ule wa meno matatu. Upinde wa kawaida unateseka chini ya maji, wavu haupati shida hiyo, na moto humdhuru nusu tu aliyezama. Ukitazama orodha hiyo, ni mikuki na nyavu, vyombo vya wavuvi wetu. Mpe mhusika aliyelelewa ufuoni nafasi ya kung'ara siku hiyo, huku yule mwenye shoka kubwa akijifunza.

Kuna mtego mmoja. Iko afsuni ya kuwapumulisha watu chini ya maji, nayo huwatosha hadi watu kumi kwa saa 24, na mchawi wa kiwango cha tano anaweza kuwa nayo. Ukimpa Malkia pumzi ukasahau hilo, kundi litashuka na pumzi yake lenyewe na Malkia wako atakuwa hana kitu tena. Usiikataze. Mimi niliiacha ifanye kazi, ila nikaamua kwamba ushanga ni alama ya ugeni. Mwenye ushanga ni mgeni wa Malkia na hakuna mlinzi anayemgusa. Asiye nao, hata kama anapumua vizuri, ameingia kama mwizi.

Panga pia siku kwa mwezi. Hapa tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita tatu, na bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu yanapokuja, tofauti hupungua sana. Mimi niliweka lango la kasri ambalo huonekana maji ya bamvua yakipwa, halafu hufunikwa kwa saa zinazojulikana. Wachezaji wakaanza kuuliza tarehe ndani ya mchezo, na mmoja akaja na jedwali la maji la siku ya kweli. Sikuwa nimemwomba.

Kabla hujaeleza hazina ya Sultani, nenda Fort Jesus. Mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira ngome, manowari ya Wareno Santo António de Tanná ilizama karibu na kuta zake. Wapiga mbizi wa akiolojia waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vitu walivyovitoa viko katika jumba la makumbusho humo ngomeni. Simama mbele ya kabati, chagua kitu kimoja, kitazame mpaka ujue kilivyoliwa na chumvi, kisha mpe Sultani mfano wake. Kitu kimoja kilichotazamwa hivyo hushinda orodha ya vito hamsini. Mifupa siiweki. Ndani ya chombo kile na juu ya kuta zile walikufa watu wa kweli.

Hilo linanifikisha kwenye jambo ninaloliona zito kuliko mikuki yote. Lugha yetu yenyewe ina neno "majini", na neno hilo ni mahali palipo na maji, na pia ni wale viumbe ambao wengi wetu tumeonywa tusiwataje ovyo usiku. Kuna nyumba ambazo mambo ya watu wa baharini si mchezo, kuna bibi aliyepungwa, kuna mtoto ambaye mama yake hamruhusu kuogelea magharibi. Waulize wachezaji wako mapema, mmoja mmoja, si mbele ya kundi, maana mbele ya kundi kila mtu ni shujaa. Mwulize mwenye nyumba pia. Kwangu mimi Sultani na Malkia ni watu wa maji wa kubuni, wana nasaba na deni na wivu kama sisi. Siwaiti majini, siwapi majina yanayotajwa kwenye upungaji wa pepo, na siweki kasri lao chini ya mahali ambapo watu huenda kutambika. Na kama mtu amefiwa na ndugu baharini, kikao cha kuzama kinaahirishwa. Nchi kavu ina visa vingi.

Ya mkononi ni haya: taa ya betri, kwa kuwa stima huondoka bila kuaga, karatasi za wahusika zilizochapishwa, usitegemee simu, viazi karai viliwe kabla ya kuanza, mikono ya mafuta huharibu karatasi, na anayerudi kusini ya mji aambiwe saa ya kumaliza, asije akakaa nusu ya kikao akili iko kwenye feri.

Na nunua shanga halisi. Mimi hutia kila mmoja kwenye uzi, nikamfunga mchezaji mkononi wakati mhusika wake anaposhuka. Hesabu ya wachezaji, halafu ongeza mmoja. Kwa sababu atatokea mtu, na kwetu alikuwa yule yule binti, atakayemtazama Sultani kwenye kiti chake, ndevu zake zikielea, na kuuliza kama naye shingoni, chini ya joho, ana uzi. Jibu la swali hilo liwe mfukoni mwako kabla hawajavua viatu barazani, na ushanga wa ziada uwe umeshajua unaufunga mkono wa nani.