Kabla ya Kushuka Mwaloni: Maandalizi ya Utafiti wa Idadi ya Watu Mwanza na Visiwani

Mada ya idadi ya watu huonekana nyepesi kuliko nyingine zote katika jiografia ya sekondari. Wanafunzi hukariri sababu za ongezeko, huchora piramidi ya umri na jinsi, hutaja sababu za msukumo na za mvuto katika uhamaji. Siku ya kwenda uwandani ikifika hubeba hojaji, kofia na maji ya kunywa. Wanarudi jioni karatasi zimejaa, lakini ripoti haisemi kitu. Kosa huwa limeanza kabla hawajapanda gari. Takwimu za watu hazina maana mpaka ujue mpaka upi ulitumika, ardhi ipi ilihesabiwa, na watu walilala wapi usiku ule walipohesabiwa. Kwa Mwanza, mkoa ambao sehemu yake kubwa ni maji na mipaka yake imekatwakatwa, mwalimu akiyaruka mambo haya amewaacha wanafunzi wake gizani.

Anzeni na mpaka. Matokeo ya sensa ya 2002 yanaonyesha Mkoa wa Mwanza ukiwa na watu zaidi ya milioni 2.9. Yale ya 2012 yanaonyesha watu 2,772,509. Mwanafunzi ambaye hakuandaliwa ataandika kwamba watu walipungua, kisha atatafuta sababu, na sababu hazikosekani: Ukimwi, samaki kuadimika, vijana kukimbilia Dar es Salaam. Ataandika aya nzuri kuhusu jambo ambalo halikutokea. Kilichotokea ni kwamba mwaka 2012, miezi michache kabla ya sensa ya Agosti, ulianzishwa Mkoa wa Geita, ukachukua Wilaya ya Geita iliyokuwa ya Mwanza. Mwaka huohuo Busega ilitoka Magu ikaenda Mkoa mpya wa Simiyu. Watu hawakwenda popote. Mstari ndio uliohama.

Kwa hiyo kabla ya kunakili namba yoyote, andika pembeni yake majina ya wilaya zilizomo. Kwa sensa za 2012 na 2022 ni Nyamagana, Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema na Ukerewe. Kumbuka pia kwamba Sengerema baadaye iligawanywa na Buchosa ikawa halmashauri inayojitegemea. Ndani ya jiji tahadhari ni hiyohiyo. Mji wa Mwanza ulikuwa na watu wapatao 35,000 mwaka 1967. Mwaka 2022 Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zilivuka milioni moja. Ukuaji huo ni wa kweli na ni mkubwa mno, lakini sehemu yake imetokana na mji kumeza vijiji vilivyokuwa nje. Igoma na Buhongwa, zilizo ndani ya jiji leo, hazikuwa hata pembezoni mwa mji wa wakati ule.

Ukishapata sensa mbili zenye mpaka mmoja, fanya hesabu ya ongezeko mwenyewe, usisubiri kupewa jibu. Mwanza ilitoka watu 2,772,509 mwaka 2012 ikafika 3,699,872 mwaka 2022. Tofauti ni 927,363, yaani asilimia 33.4 ya idadi ya mwanzo. Wengi hapo hugawanya kwa kumi na kuandika asilimia 3.3 kwa mwaka. Hesabu hiyo inakuza mno kiwango, kwa sababu watoto waliozaliwa na wageni waliofika mwaka wa kwanza nao wanaingia kwenye idadi inayokua mwaka wa pili. Ukifuata njia ya ongezeko limbikizi, ambapo ongezeko la kila mwaka hupimwa juu ya idadi ya mwaka uliotangulia, unapata kama asilimia 2.9. Kwa nchi nzima, kutoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120, unapata 3.2. Gawanya 70 kwa kiwango hicho utaona kwamba Tanzania ikiendelea hivyo itaongezeka maradufu ndani ya miaka kama 22. Mwanafunzi wa miaka 17 anayefanya hesabu hii leo atakuwa hajafika 40. Mwambieni hivyo, kwa sababu madarasa na zahanati zitakazohitajika wakati huo zitakuwa juu ya kizazi chake.

Halafu msongamano. Zaidi ya nusu ya eneo la Mkoa wa Mwanza ni Ziwa Victoria. Eneo zima pamoja na maji linazidi kilomita za mraba 25,000. Ukigawanya watu kwa eneo hilo unapata chini ya watu 150 kwa kilomita ya mraba. Ukitumia nchi kavu pekee, kama ofisi ya takwimu inavyofanya, unapata karibu 390. Wastani wa nchi ni watu kama 70, na Lindi haifiki 20. Ramani mbili za darasani zinaweza kuipa Mwanza rangi mbili tofauti kwa sababu hii tu, kwa hiyo jueni mnatumia eneo gani.

Hata hiyo 390 bado inaficha mengi. Angalieni vilima vya mawe vya Igogo, Mabatini na Isamilo: nyumba zimepandana hadi juu, maji na gari la taka havifiki. Kisha nendeni Kwimba, ambako kaya hukaa mbali na mbali, kila boma na mashamba yake. Hapo uliza swali la pili: ni watu wangapi kwa ardhi inayolimika? Ndilo linalogusa chakula. Mwamba haulimiki, na hifadhi ya misitu hairuhusiwi.

Kwa swali hilo hakuna mahali pazuri pa kufundishia kuliko Ukara, kisiwa kidogo kaskazini ya Ukerewe. Wanajiografia wamekiandika kwa miongo mingi kwa sababu ya wingi wa watu wake na ufundi wa kilimo chao. Wakara walifuga ng'ombe wakiwalisha zizini ili kuhifadhi samadi, walipanda mimea ya jamii ya kunde na kuifukia iwe mbolea, walijenga kingo za mawe kuzuia udongo, na hawakuacha shamba lipumzike. Mwanauchumi Mwingereza Malthus mwaka 1798 alidai watu huongezeka kwa kasi kuliko chakula. Boserup, mwanauchumi wa Denmark, mwaka 1965 alijibu kwamba wingi wa watu wenyewe huwasukuma wakulima kubuni njia za kuzalisha zaidi. Ukara unampa Boserup ushahidi. Lakini Wakara wengi pia wamehama na kwenda bara kutafuta ardhi, na hilo haliwezi kufichwa. Naomba walimu wasiwape wanafunzi jibu la upande mmoja hapa. Waende wakiwa wamesoma pande zote mbili, waone mashamba, waulize vijana wa familia wako wapi.

Sababu za mtawanyiko msizibebe zote kwa uzito sawa. Mvua ni nyingi zaidi karibu na ziwa na hupungua ukielekea kusini-mashariki. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 na kuufanya mji kuwa lango la pamba. Sangara, samaki aliyeletwa ziwani katikati ya karne iliyopita, alivuta viwanda na wafanyakazi, hasa miaka ya 1990. Dhahabu imevuta wengi Geita. Mwanafunzi achague moja au mbili zinazoonekana mahali anapokwenda, azichimbe. Orodha ya sababu kumi haithibitishi chochote.

Kwenye uhamaji, kazi kubwa ni maneno ya hojaji. Darasani somo linafundishwa kwa Kiingereza, na makundi mengi huandika maswali kwa Kiingereza kisha kuyatafsiri papo hapo mbele ya mama anayeanika dagaa. Matokeo yake kila mwanafunzi anauliza swali lake. Andikeni Kiswahili mapema, mkubaliane, mjaribu kwa majirani wa shule. Swali hatari kuliko yote ni “Kwenu wapi?” Kijana aliyezaliwa Igoma na hajawahi kuishi kwingine atajibu Ukerewe, au Kigoma, au Tarime, kwa sababu ndiko walikozikwa babu zake. Mkimwandika kuwa mhamiaji mmeharibu data. Ulizeni: ulizaliwa wapi? Kabla ya kuja hapa ulikuwa unaishi wapi? Ulikuja mwaka gani? Ulikuja na nani? Maswali hayo manne yanatosha kuonyesha wale waliotoka kijijini wakapitia mji mdogo ndipo wakafika jijini, na yanawatenganisha na waliokuja moja kwa moja.

Msisahau wanaoondoka. Huwezi kumhoji mtu ambaye hayupo, kwa hiyo waulizeni waliobaki. Familia nyingi za wafugaji wa Kisukuma zimehama na mifugo yao kutafuta malisho, kuelekea Rukwa, Katavi, bonde la Usangu, Kilombero, hata Lindi. Mzee wa Misungwi au Magu atakueleza watoto wake wako wapi, wanarudi lini, na kama wanatuma kitu nyumbani. Msimuulize ana ng'ombe wangapi. Wazee wengi hawapendi mali yao ihesabiwe na mgeni, na swali hilo litafunga mazungumzo.

Kisha tazameni kalenda na mwezi wa angani. Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo linaloachwa zaidi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa vizuri, mitumbwi inakaa, na wavuvi wengi wa kambini wanakwenda makwao. Kundi likifika kambini siku hizo litakuta vibanda vimefungwa na kuandika kuwa kuna watu wachache. Kundi lingine likifika wakati wa giza litakuta wavuvi, wachuuzi, mama lishe na wabeba mizigo. Wote wamesema kweli kwa siku yao, ila hawawezi kulinganishwa. Angalieni mwandamo kabla ya kupanga tarehe, na muandike kwenye ripoti mwezi ulikuwaje. Sensa ya Tanzania huhesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, na ile ya 2022 ilikuwa 23 Agosti. Mvuvi wa Magu aliyelala kambini Ukerewe usiku ule alihesabiwa Ukerewe. Mkiwa na hilo akilini mtaelewa kwa nini piramidi ya kambi ya wavuvi hutanuka upande wa wanaume vijana na kubana kwa watoto na wazee. Msimu wa kilimo nao uzingatiwe: mvua za vuli zikianza, sehemu ya watu wa mwaloni, yaani mahali mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki, hurudi kulima.

Kuhusu umri, vijana hujua tarehe zao. Kwa wazee andaeni kalenda ya matukio, kama makarani wa sensa wanavyofanya: Uhuru 1961, kuhamia vijiji vya ujamaa katikati ya miaka ya 1970, vita vya Kagera 1978 na 1979, kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996. “Vita vya Kagera ulikuwa umeshaolewa, mama?” ni swali linaloleta jibu zuri kuliko “Una miaka mingapi?” Mkikuta umri mwingi unaishia na sifuri au tano, jueni ni makadirio, na mpange kwa makundi ya miaka mitano au kumi.

Vibali ni jambo fupi lakini halikwepeki. Barua ya shule iende kwa mtendaji wa mtaa au kijiji siku kadhaa kabla, na nakala kwa mwenyekiti. Mwaloni mpite pia kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, kwani wao ndio wanaojua nani aliingia kambini lini. Mwanafunzi aamkie kwanza, shikamoo kwa mkubwa, aseme anatoka shule gani na karatasi zitatumika wapi. Akiamkia “mwangaluka” asubuhi katika kijiji cha Kisukuma atapata kiti. Majina ya watu yasiandikwe kwenye hojaji, namba ya kaya inatosha. Mtu akikataa, ashukuriwe na kundi liendelee nyumba inayofuata.

Mwisho ni maji yenyewe. Ukerewe kunafikika kwa meli kutoka Mwanza hadi Nansio, au kwa barabara kupitia Bunda na kivuko cha Kisorya hadi Rugezi. Njia yoyote mtakayochagua, pateni ratiba ya kurudi kabla ya ile ya kwenda, na kila mtoto awe na jaketi la kuokolea lililomkaa mwilini. Kivuko cha MV Nyerere kilichozama Septemba 2018 kilikuwa kinakaribia Ukara, kikiwa kimebeba abiria kuliko uwezo wake, na familia za visiwa hivi bado zinaomboleza. Mwalimu akiona chombo kimejaa asubiri kinachofuata, hata kama siku itaharibika. Wanafunzi wasiingie kwenye maji ya ufukweni, hata wakiwa na viatu, kichocho kipo. Ziwa likichafuka asubuhi, fanyieni kazi Nansio na muiache Ukara kwa safari nyingine.