Kuimba Geeta Dutt harusini bila kujua Kihindi

Ninaimba harusini hapa Mwanza, Kirumba hadi Igoma, na mabinti hunijia wakitaka niwafundishe "ule wimbo wa Kihindi". Nikiuliza upi, wananielezea sari ya mwigizaji. Mwenye sauti hawamjui. Basi tunaanzia hapo: yule uliyemwona akifumbua mdomo siye aliyeimba.

Mjue kwanza. Geeta Dutt, mwimbaji aliyewaimbia waigizaji wa filamu za Kihindi, alikuwa Mbengali, mzaliwa wa Faridpur, mwaka 1930. Leo eneo hilo liko Bangladesh. Familia ikahamia Bombay angali msichana mdogo. Mwaka 1946 alipewa mistari miwili tu katika filamu moja. Mtunzi wa muziki S. D. Burman akaisikia, na 1947 akampa nyimbo za filamu ya Do Bhai. Mistari miwili, mwanangu! Kwa hiyo ukipangiwa kuitikia tu pale ukumbini, usininunie.

Sikiliza kwa kufuata miaka. Katika Do Bhai ni binti anayelia. Katika Baazi (1951) sauti ile ile inatania, kama mwanamke anayejua kwamba anatazamwa. Halafu ruka hadi 1959, Kaagaz Ke Phool, filamu ya mumewe, Guru Dutt. Hapo hapandishi sauti hata kidogo. Anaimba kama anajisemea mwenyewe usiku. Mume alifariki 1964 akamwachia watoto watatu. Sikiliza nyimbo zake za Anubhav (1971), kisha ukumbuke kwamba Julai 1972 naye alifariki, na umri wake miaka 41.

Sasa shika kalamu. Andika maneno kama unavyoyasikia, kwa herufi zetu, lakini angalia: dh yao si ya "dhahabu". Ni d yenye pumzi nyuma yake. Weka kiganja mbele ya mdomo. Usipohisi upepo, rudia. Bh na kh ni hivyo hivyo. Kila anapovuta pumzi, chora mkwaju (/) kwa wino mwekundu. Mimi humaliza siku tatu kwenye pumzi tu, kabla ya kuruhusu mtu aimbe.

Usifanyie mazoezi kwenye mawe ya Capri Point, hata kama video inatoka nzuri. Upepo wa ziwa utakufanya upige kelele, na Geeta hakupiga kelele. Jikoni panatosha, karibu na ukuta.

Mwisho uliza maana, nami nasema hili kwa aibu. Mwaka wa kwanza niliimba ule wimbo wa Kaagaz Ke Phool, Waqt Ne Kiya, bibi harusi akiingia. Nimeupamba, nimefumba macho. Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa mjini, akanisogelea taratibu: "Binti, nani amefiwa?" Kumbe unahusu wapendanao ambao wakati umewabadilisha, hakuna tena aliye yule wa zamani. Tangu siku hiyo, kila karatasi yangu inapita dukani kwake kwanza.

Ukitaka uchangamfu, chukua Babuji Dheere Chalna, wa Aar Paar (1954), muziki wa O. P. Nayyar. Nao unaonya kwamba njia ya mapenzi ina hila nyingi. Huo uimbe keki ikishakatwa, na uangalie kwanza kama mzee wa vitambaa hakualikwa.