Ukipanda Sanje, shuka kama muokota kuni

Nilikulia Mkamba, upande wa kiwanda cha sukari, lakini shangazi yangu aliolewa Mang'ula na likizo zangu nyingi ziliishia kwake. Miaka hiyo Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilikuwa bado inawaruhusu majirani kuingia siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ilifutwa mwaka 2011. Kabla ya hapo nilimfuata shangazi mara nyingi, ngata kichwani, macho kwenye visigino vyake, maana aliniambia nikikanyaga anapokanyaga yeye sitaanguka. Na kweli sikuanguka. Sasa nakaa Dar, na karibu kila mwaka, Julai au Agosti, nawapeleka wenzangu wa ofisini kuona maporomoko ya Sanje. Hao ndio wanaoanguka.

Kwanza ujue unakwenda wapi. Udzungwa si Mikumi. Hifadhi ina kilomita za mraba 1,990 na hakuna barabara ya kuzungusha wageni ndani kwa gari: unatembea, au unabaki getini. Tembo na nyati wamo, ila mara nyingi utaona kinyesi chao tu. Mwenye hamu ya simba ashukie Mikumi, tutampitia tukirudi.

Kufika siku hizi si kazi. Panda treni ya SGR hadi Morogoro, shukia Kihonda, chukua bajaji mpaka Msamvu, utafute basi la Ifakara. Kaa dirishani, kwa sababu barabara inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi na twiga utawaona bure. Mikumi mjini basi linakata kushoto, mnapita Kidatu na mashamba ya miwa, na ghafla mlima unasimama upande wa kulia kama ukuta. Vumbi tulilokula zamani kipande hicho limebaki hadithi, ni lami. Mwambie konda mapema kwamba unashukia hifadhini Mang'ula, na umkumbushe tena. Kijiji cha Sanje utakipita kama kilomita 10 kabla. Usikurupuke kushuka hapo. Mwenzangu mmoja alishuka, akajiona kawahi, kumbe malipo na taratibu zote ziko makao makuu Mang'ula. Alirudi kwenye bodaboda na begi mgongoni, asubuhi yetu ikaliwa.

Getini hawapokei fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kadi. Beba kitambulisho, maana kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni havikaribiani hata kidogo. Huingii bila mwongozaji, na wewe mwenyewe hutatamani kuingia bila yeye. Njia ni za kuchagua. Ipo fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, hapo karibu na geti, nzuri kwa mwenye watoto wadogo. Ipo ya kilele cha Mwanihana, kilomita 38, siku tatu na kulala mara mbili porini pamoja na askari mwenye bunduki. Mimi ni wa Sanje: mzunguko wa kilomita 5 hivi, saa nne kwa mwendo wa kawaida, sita ukiwa na watu wa ofisini.

Mavazi. Suruali ndefu, na uichomeke ndani ya soksi hata kama unaonekana mshamba. Siafu hawana adabu, wakishapanda mguuni watakuvua nguo mbele ya bosi. Mikono mirefu ni kwa ajili ya upupu. Viatu viwe vile ulivyokwisha kuvizoea. Raba kuukuu yenye meno chini inalishinda buti jipya lililotoka dukani juzi. Na kata kucha za miguu siku mbili kabla. Watu hunicheka nikisema hivyo, mpaka tunaporudi. Nguo za kubadilisha zifunge kwenye kiroba cha unga, halafu ndani ya begi. Maji lita mbili kila mtu, ndizi, karanga, mihogo ya kuchemsha. Chipsi zitakutia kiu bure.

Muwe mmeanza kupanda kabla ya saa 2 asubuhi. Joto la bonde la Kilombero halina mzaha, na mwanzo wa njia ndio unaokata pumzi. Kanuni ya shangazi ilikuwa kwamba anayetangulia ni mwenye mzigo mzito, wengine wafuate mwendo wake. Mimi humtanguliza asiye na mazoezi. Vijana wananuna dakika kumi, kisha wanashukuru kimoyomoyo.

Mkipumzika, nyamazeni. Hapa ndipo watu wengi hupoteza safari yao, wanajaza msitu kelele halafu wanalalamika hawakuona mnyama. Ukitulia, majani ya juu yataanza kutikisika: mbega wekundu wa Udzungwa, kichwani wana nywele za rangi ya kutu, wanakutazama kama wewe ndiye maonyesho. Sikiliza pia mlio mmoja, "wuup", kimya kidogo, halafu sauti kama ya bata mzinga. Huyo ni ngolaga, kima wa Sanje. Watafiti walimtambua mwaka 1979 baada ya kuusikia mlio wake, na jina walilikuta tayari kwa wenyeji. Hapatikani pengine duniani nje ya milima hii.

Maporomoko yenyewe yana mita 170, yamegawanyika mara tatu. Juu kuna mabwawa ya kuogelea, na mbele yako bonde lote limetandazwa, miwa, mpunga, reli ya TAZARA. Oga, lakini miamba yenye ute wa kijani usiisimamie, ikalie na ujiburute. Ukingoni simama pale mwongozaji aliposema, hata kama picha itakuwa mbaya. Na maji yakibadilika rangi kuwa kama chai, au yakianza kuleta majani mengi, toka upesi bila kuuliza: huko juu mvua imenyesha. Ndiyo maana kuanzia Machi hadi Mei sipeleki mtu.

Sasa kushuka, na hapa nisomeni polepole. Kupanda kunachosha, ila kushuka ndiko kunakoumiza, kwa sababu magoti yamelegea na kichwa kimeshafika nyumbani. Kaza kamba za viatu sehemu ya kifundo kabla hujaanza, ili vidole visigonge mbele. Mwenzetu wa uhasibu alipuuza, kucha zake mbili kubwa zikageuka nyeusi na kung'oka baada ya wiki. Kisha tembea kama shangazi na mzigo wake: hatua fupi, magoti yamepinda kidogo, mguu uuweke mshazari, usiuelekeze chini moja kwa moja. Mwili usiuegemeze nyuma. Kila mtu hufanya hivyo kwa hofu, na ndiyo sababu miguu inateleza, makalio yanatangulia kufika chini. Usishike mti kabla ya kuutazama, maana mingine ina miiba na mingine ina siafu. Penye majani makavu mengi, gusa kwanza kwa fimbo, huenda chini yake kuna jiwe linalocheza. Na acheni nafasi ya hatua nne baina yenu, ili akiteleza mmoja asiwazoe wote.

Shangazi alishuka hivyo na kuni zilizompita urefu, na ndara miguuni. Ndara sikushauri.

Usipange kurudi Dar siku hiyohiyo. Nyumba za wageni Mang'ula zipo za bei zote. Kula wali wa huku na perege, utaelewa kwa nini watu wanausifu mchele wa Kilombero. Usiku chovya miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi, nusu saa, upende usipende. Asubuhi utashuka kitandani kiubavu, na ngazi za basi utazipanda umeshika vyuma viwili. Konda ameshazoea, atakupokea begi kabla hujamwomba.