Kuosha uso kwa kufuata aina ya ngozi

Tatizo ninalolikuta mara nyingi saluni hapa Kampala si uso mchafu, bali ni uso uliosuguliwa kupita kiasi. Mtu anashuka kwenye boda akiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, anachukua sabuni ya mche iliyobaki kwenye kufulia, anasugua kwa dodoki mpaka ngozi ikaze, kisha anaamini kwamba kukaza huko ndiko kutakata. Sivyo. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi) ikiwa karibu na 5, ilhali sabuni ya kawaida hufika 9 au 10 na huondoa mafuta yanayoizuia ngozi isipoteze maji. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu palipochubuka au kuvimba hubaki doa jeusi ambalo huweza kukaa miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kupona.

Hatua ya kwanza ni kuijua ngozi yako. Osha uso kwa sabuni laini, ukaushe, kisha usipake kitu chochote kwa muda wa saa moja. Uso uking'aa kote, ngozi ni ya mafuta. Uking'aa kwenye paji, pua na kidevu tu, ni mchanganyiko. Ukikaza au kutoa magamba, ni kavu. Ngozi ambayo huwasha kila unapobadilisha sabuni ni nyeti. Rudia jaribio hili majira yanapobadilika, maana ngozi yenye mafuta ukiwa Kampala inaweza kukauka kwenye baridi ya Kabale au kiangazi cha Moroto.

Hatua ya pili, nawa mikono, na kama umejipodoa, ondoa vipodozi kwanza.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi. Lowesha uso kwa maji ya vuguvugu, chukua sabuni ya maji ya uso kiasi cha punje ya harage, uipake kwa ncha za vidole kwa mizunguko midogo kwa takriban nusu dakika, bila kusahau kando ya nywele, ambako mafuta ya kichwani hukusanyika. Suuza kwa maji ya kumiminwa kutoka kwenye jagi, kwa kuwa ukirudia kuchovya mikono katika beseni moja unarudisha povu usoni. Kausha kwa kugandamiza taulo safi, kisha paka losheni ngozi ikiwa bado na unyevu.

Ngozi ya mafuta ioshwe asubuhi na jioni, na yenye chunusi hufaidika na sabuni yenye asidi ya salisiliki. Ngozi kavu itumie kisafishaji cha krimu jioni, na asubuhi maji matupu yanatosha. Mwenye ngozi nyeti aepuke manukato, na kila kitu kipya akijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono kwa siku kadhaa.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Gulu: Mwalimu, je, naweza kusafisha uso kwa moo yao, yaani mafuta ya shea?

Jibu: Ndiyo, dada, ikiwa ngozi yako ni kavu. Yapake, uyafute kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kisha uoshe kama kawaida. Mwenye chunusi ajaribu kwanza sehemu ndogo ya taya.

Mwanachama wa Jinja: Vipi kuhusu limau kwa madoa?

Jibu: Tafadhali liache. Maji ya limau yakikutana na jua huweza kuunguza ngozi na kuongeza madoa hayo hayo.

Mwanachama wa Arua: Nimenunua sabuni ya kung'arisha isiyo na maandishi ya viambato. Niendelee nayo?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, iache leo. Baadhi ya bidhaa hizo huwa na zebaki, ambayo hupenya ngozini na kudhuru figo. Kama umeitumia kwa muda mrefu, nenda kwa daktari ukiwa na kipande chake, ili ajue anachokutibu.