Kama sifa inakataa kutoka mudomoni: namna ya kuomba na Zaburi 13

Bwana asifiwe wapendwa. Kuna kitu moja watu wananiulizaga hapa kwetu Goma kisha maombi, na wananiulizaga kwa sauti ya chini kama vile ni zambi: "Mama, mimi siku hizi siwezi kusifu, nikifungua kinywa nalia tu, nifanye nini?" Jibu yangu ni Zaburi ya 13. Si kuisoma na kufunga Biblia, hapana, ni kuiomba, na kuiomba kuna namna yake njo nataka nieleze polepole.

Mimi nilifundishwa mwaka 2021. Volkano ya Nyiragongo ilipasuka siku ya posho (Jumamosi), tarehe 22 mwezi wa tano, usiku mbingu ikakuwa nyekundu, na kisha siku tano wakatuambia watu watoke mujini, basi njia ya Sake ikajaa watu, magodoro, mbuzi, chukudu, kila kitu. Tulifika tukalala chini katika darasa ya shule, watoto watatu na godoro moja. Siku ya yenga ndugu moja akaongoza ibada pale uwanjani akasema mutu asiyeruka na kupiga makofi anamunyima Mungu sifa yake. Niliruka. Mwili uliruka, roho ilibakia pale chini kwenye sementi. Usiku koko wangu (muzazi wa muzazi wangu) akaomba nimumulikie na telefone, akafungua Zaburi 13, akasoma polepole sana, na kila akifika kwenye "hata lini" anasimama, anataja kitu kwa jina yake: hata lini tutalala kwa sementi, hata lini huyu mutoto atakohoa. Nilishituka, sikujua kama mutu anaweza kuongea na Mungu hivyo. Akaniambia iko katika Biblia, Daudi alisema, mimi ni nani nisiseme.

Na ni kweli. Zaburi ziko 150 na karibu sehemu moja kwa tatu ni za kulia na kulalamika mbele ya Mungu. Bwana Yesu mwenyewe pale musalabani hakuchukua Zaburi ya shangwe, alichukua ile ya 22, Mungu wangu mbona umeniacha. Kwa hiyo kama unalia kwenye maombi hauko nje ya imani, uko ndani kabisa.

Sasa tuanze. Kwanza pahali na saa. Yesu alisema uingie chumba chako cha ndani, ufunge mulango, lakini wengi wetu chumba cha ndani hatuna, tuko watu saba katika nyumba ya mbao na jirani akigeuka kitandani unamusikia. Usingojee upate nyumba ya matofali njo uombe. Mimi naamkaga saa kumi na nusu ya usiku, mbele watoto hawajaamka na mbele sijaenda kupanga mulongo wa maji kwenye robine, nakaa nyuma ya nyumba kwenye mawe ya volkano karibu na mbabula, najifunika kitenge kichwani, na hicho kitenge njo mulango wangu. Kama kwako haiwezekani, omba ukitembea na bidoni yako, Mungu hana shida na bidoni. Ila telefone iache ndani, tafadhali, hata kama Biblia yako iko mule ndani ya telefone, juu ukiifungua tu utaona mesaji ya jana na maombi yanaisha pale. Hii Zaburi ina mistari sita tu, unaweza kuishika kwa kichwa kwa wiki moja. (Ukiwa na kitabu ya zamani ya Wakatoliki unaweza kukuta imeandikwa namba 12, ni ile ile.)

Ukishakaa, anza na jina yake. "Ee Bwana." Simama hapo kidogo. Hii neno ndogo njo inatenganisha kuomba na kunung'unika. Wana wa Israeli kule jangwani walinung'unika ndani ya mahema yao, wakamusema Mungu pembeni, lakini mwenye Zaburi anamuendea Mungu mwenyewe uso kwa uso na maneno makali kuliko yale yao. Kulalamika juu ya Mungu kwa jirani na kulalamika kwa Mungu si kitu kimoja hata kidogo, ya kwanza inakumalizia nguvu, ya pili ni imani, juu hauwezi kumulilia mutu ambaye unajua hakusikii.

Kisha "hata lini". Ziko ine katika mistari miwili ya kwanza, na hapa njo ukae muda murefu kuliko pengine pote. Ya kwanza ni ya Mungu kukusahau, ya pili ya Mungu kuficha uso, ya tatu ni ya mawazo yako wewe mwenyewe yanayozunguka muchana kutwa kichwani, ya ine ni ya adui anayejiinua juu yako. Soma moja, simama, weka yako. Na usiweke maneno ya kanisa! Usiseme "Bwana angalia hali yetu" kama vile unasoma komunike. Sema kitu chenyewe. Ngoja nitoe mufano wa kwangu wa mwaka huu, siuandike ili munihurumie, ni ili muone namna: hata lini mutoto wangu wa pili atarudishwa nyumbani juu ya minervali (feza ya masomo) wakati wenzake wanabakia wanasoma, hata lini nitahesabu makuta ileile mara tatu usiku kama vile ikihesabiwa itaongezeka, hata lini nitasikia sauti ya mulipuko nishikwe na baridi hata kama ni mutu anaangusha mabati tu. Ile ya tatu nilikaa miaka bila kuisema. Siku niliyoisema kwa Mungu nilitetemeka, kisha nikalala vizuri mara ya kwanza tangu ile vita ya mwanzo wa 2025.

Kama una kaye (daftari), andika. Biki na kaye ya kawaida ya watoto inatosha, kwa juu weka tarehe. Utaona kazi yake mbele.

Kama maneno hayatoki, ugua tu. Paulo aliandika kwa Warumi, sura ya 8, kwamba Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua ambako hakutamkiki. Na Hana, mama ya Samweli, aliomba midomo ikicheza bila sauti mpaka kuhani Eli akafikiri amelewa, na ile ombi isiyosikika kwa kuhani ilisikika kwa Mungu.

Mustari wa tatu na wa ine ni wa kuomba, na mimi hapo napitaga haraka: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Omba kitu moja siku ile, moja tu. Ukiomba kumi utasahau hata wewe uliomba nini, na ikijibiwa hutajua.

Sasa tunafika pa hatari. Mustari wa tano unaanza na "Nami nimezitumainia fadhili zako." Wengi wanaruka hapa mbio juu wamechoka na kulia, wanataka wafike kwenye haleluya. Usikimbie. Angalia vizuri, kati ya mustari wa ine na wa tano hakuna kitu kimebadilika inje. Adui hakuondoka, hakuna habari njema imeletwa, hakuna mutu aligonga mulango na sachee ya unga. Kile kiligeuka ni macho ya mwenye kuomba, alikuwa anaangalia shida sasa anaangalia fadhili. Na anasema nimetumainia, kitu alichokuwa nacho tangu zamani, si kitu anachojilazimisha leo asubuhi.

Kwa hiyo hapa fanya hivi: rudi nyuma utafute fadhili moja ambayo ulishaiona na macho yako. Moja tu, lakini iangalie karibu. Mimi mara mingi narudiaga ile darasa ya Sake. Asubuhi moja mama mwenye hatukujuana akaweka karibu na godoro yetu sahani ya plastiki ya buluu, ndani sambaza za kukaanga na fufu, akaenda bila kusema jina. Sahani ilikuwa na ufa pembeni, mafuta yalipita yakalowesha kitenge changu, na alama ya yale mafuta iko mpaka leo, nikijifunika asubuhi mara ingine inaangukia hapa kwenye paji la uso. Nikiigusa nasema "Nami nimezitumainia fadhili zako" na siongope.

Kisha hapo wimbo. Mustari wa sita unasema nimwimbie Bwana, kwa kuwa amenitendea kwa ukarimu. Wimbo wowote ule unaojua wa utoto wako, hata kipande, hata kwa pua bila maneno, hauhitaji kinanda wala baflo. Sifa ya namna hii inakuwaga ndogo, nisiwadanganye, si kama ya korali siku ya yenga. Lakini ni yako, na imetoka mahali pa kweli.

Na kama haikutoka? Itatokea siku nyingine. Soma Zaburi 88, inaanza kwa kilio na neno yake ya mwisho ni giza, hakuna haleluya kule chini, na bado Mungu aliiacha ndani ya kitabu chake. Ila yule mutu anasema mule ndani kwamba asubuhi maombi yake yatamufikia Bwana. Maana yake anarudi. Basi na wewe funga Biblia, nenda kwenye maji, rudi kesho.

Neno kwa wale munaoongoza makesha na vikundi vya maombi, nawaomba sana sana. Paulo alisema tulie pamoja na wanaolia. Mama akikuja kwenye kesha amefiwa wiki ile, musimuvute mukono acheze. Someni "hata lini" ya kwanza, mumuachie nafasi aweke yake, na kikundi kijibu pamoja "Ee Bwana, uangalie". Hata kama nusu saa yote itaenda hapo. Nimeona wababa wazima, watu wagumu, wanaongea kwa mara ya kwanza juu ya mutoto waliyemuzika, ni juu mutu aliwapa ile neno mbili na akanyamaza.

Ile kaye sasa. Kila mwisho wa mwezi fungua nyuma, tafuta kile kilijibiwa, andika tarehe pembeni, kisha sema kwa sauti: Bwana, hii ulifanya. Wakoma kumi walipona na moja tu alirudi kusema aksanti, kaye itakusaidia kurudi. Ukimaliza mwezi na 13 unaweza kuhamia kwa 42 na 43, zina kiitikio kimoja, nafsi yangu kwa nini kuinama, kwa hiyo ni rahisi kuomba watu wawili. Siku mulima unatikisika chukua 46. Na watoto wadogo wape 117, ina mistari miwili tu, wanaishika siku moja.

Wiki ilipita nilikuwa nyuma ya nyumba nimefika kwenye "hata lini" ya tatu, nikanyamaza, na kwa upande mwingine wa mbao nikasikia jirani yangu anaweka yake, polepole, habari ya bwana yake aliyeenda kutafuta kazi na hapigi tena. Nikangoja mpaka amalize. Tukaendelea pamoja mpaka wimbo, mbao katikati. Saa kumi na mbili tukakutana kwenye robine, akaniuliza ni Zaburi gani ile, Biblia yake ilipotea 2021, basi nikapasua karatasi ya mufuko wa sementi iliyokuwa pale chini, nikaazima biki kwa mutoto anayeenda masomo, nikamuandikia mistari yote sita tukiwa bado kwenye mulongo.