Pondo ya juu isiyolegea kabla keki haijakatwa

Mpwa wangu alikuwa msimamizi kwenye harusi Kakamega, akataka pondo ya juu, yaani nywele zote zikusanywe na kufungwa utosini, yenye fundo kubwa, na alijifunga mwenyewe nikimwelekeza kwa simu kutoka Kisumu. Maswali aliyoniuliza ndiyo nimeyapanga hapa. Mwongozo huu ni wa nywele asili, zisizotiwa dawa, ambazo ukizivuta zinafika shingoni. Kama zako ni fupi kuliko hapo, suka mistari ya kwenda juu kisha uongeze nywele za kununua. Hiyo ni kazi ya msusi na ina mwongozo wake.

Hatua ya 1: Osha

Siku moja kabla. Usijaze mafuta baadaye, jeli haishiki kwenye mafuta.

Hatua ya 2: Nyoosha kwa uzi

Najua saluni zote zina bloo drai, na mimi ninayo. Kwa pondo bado naenda na uzi mweusi wa kusukia, ule walioutumia nyanya zetu. Hauunguzi ncha, na stima ikipotea saa tatu usiku kazi inaendelea. Gawanya nywele mafungu manane au kumi zikiwa na unyevu kidogo tu, zungusha uzi kutoka shinani hadi nchani, ulale nao. Asubuhi gusa katikati ya fungu kabla ya kufungua: pakiwa bado na ubaridi wa maji, ngoja, la sivyo nywele zitajikunja mkononi mwako.

Uzi haushindi unyevu, na bloo drai vilevile. Hewa ya ziwa ikiingia kwenye nywele zilizonyooshwa, zinarudi kama zilivyoumbwa. Ndiyo maana kwenye hatua ya 4 utaniona nakwepa maji.

Hatua ya 3: Chagua mahali

Weka mpini wa kitana kidevuni, uulaze upite juu ya sikio kwenda nyuma. Unapoelekea utosini, hapo ndipo pondo ya juu inapokaa vizuri kwa vichwa vingi. Kama utasafiri kwa boda, fikiria tena: helmeti na fundo la utosini haviwezi kuvaliwa pamoja. Chukua tuktuk, au shusha fundo hadi kisogoni.

Hatua ya 4: Funga shina

Hapa ndipo pondo nyingi zinapoharibikia, na watu wanalaumu jeli.

Kosa la kwanza ni kukusanya nywele zote kwa mkono mmoja na kuzifunga mara moja. Mbele inavutika, nyuma inabaki na mfuko, halafu unakaza zaidi ili mfuko uishe, na kinachoumia ni nywele za mbele. Gawa. Funga kwanza za katikati ya utosi, ziwe fundo dogo la kuanzia. Hilo ndilo litakalobeba uzito. Kisha leta za mbele na za pembeni, zifungie juu ya fundo hilo. Za kisogoni ziwe za mwisho, na wakati wa kuzipandisha angalia dari. Kichwa kikiwa kimeelekea nyuma, ngozi ya shingo inakuwa imekunjamana. Ukikirudisha sawa, inanyooka na nywele zinakazika zenyewe. Ukiinama mbele utapata mfuko palepale.

Kosa la pili ni raba ndogo nyeusi za paketi. Siziweki kwenye kichwa cha mtu. Zinakata nywele na hazitoki bila kung'oa. Kata stokingi ya zamani, utepe wa upana wa vidole viwili. Uzungushe kwenye shina, pale nywele zinapokusanyika, vuta kidogo, acha nywele zijipange, vuta tena. Mara tatu au nne za taratibu zinashinda mvuto mmoja wa nguvu.

Sasa jipime. Pandisha nyusi. Kama ngozi ya paji haisogei, au macho yamevutwa pembeni kama unayefinya macho juani, legeza. Kama vipele vidogo vinatokea kwenye mizizi, fungua kabisa, hata kama gari la harusi limefika. Nywele za mbele zinazovutwa mara kwa mara hung'oka. Mwanzoni ukizipumzisha hurudi, lakini ukiendelea kwa miaka, mizizi huweka kovu na hapo hazioti tena. Anayekwambia umeze dawa ya maumivu kisha utazoea, mwachie kitana chake.

Jeli inakuja sasa, na ni ya juu tu. Jeli nyingi zina maji. Ukiipeleka hadi ndani, kazi ya uzi imekwisha. Kwanza, nyuma ya kiganja, changanya tone la jeli na tone la losheni unayotumia, usugue. Ikigeuka chengachenga nyeupe, itafanya hivyo pia kwenye kichwa chako mbele ya mpiga picha, badilisha kimojawapo. Lainisha kwa brashi, za ukingoni kwa mswaki wa zamani, kisha funga skafu laini hadi ikauke. Dakika kumi na tano hivi. Ukiwa na haraka ukaifungua ikiwa mbichi, jasho la Kisumu litakumalizia.

Hatua ya 5: Jenga fundo

Zungusha mkia kwenye shina, ingiza ncha chini, bana. Upande wa pini wenye mawimbi uelekee kichwani, kwa sababu ndio unaoshika. Ziweke mbilimbili zikikatana kama alama ya kuzidisha. Pini inayokuchoma imekaa vibaya, usiivumilie.

Unataka kimo zaidi? Usirudishe kitana kutoka nchani kwenda shinani ili kuzijaza nywele. Mbinu hiyo ndiyo ilisimamisha ule mtindo mrefu wa mzinga wa nyuki aliouunda Margaret Vinci Heldt wa Chicago mwaka wa 1960, na nywele zinazoteleza zinaihitaji. Zetu za kipilipili zinashikana zenyewe. Vuta tu fundo kwa ncha za vidole kila upande mpaka lijae. Ukiongeza nywele za kununua, chagua nyepesi, maana uzito wote unaning'inia kwenye lile fundo la kuanzia.

Hatua ya 6: Fungua

Usilale nayo. Toa pini zote kwanza, uzihesabu kama ulivyoziweka. Lowesha jeli kwa maji ya vuguvugu na mafuta kidogo mpaka ilainike, ndipo uguse shina. Stokingi ikikataa kufunguka usipambane nayo: pitisha ncha ya mkasi mdogo chini yake, makali yakielekea nje, ukate. Stokingi nyingine utaipata soko la Kibuye hapa Kisumu kwa bei ya chai.